Mwangaza Juu ya Meza: Ginsi ya Kupiga Foto ya Vitu Vidogo kwa Feza Kidogo



Mu miji yetu ya shaba nyumba nyingi zinakula leo kwa kazi ya mikono. Baba aliyezoea chuma ku atelie anapiga sahani za shaba kwa nyundo kidogo. Mama anafuma triko ao anashona vibeti. Vijana wanachonga malakite: mayai, tembo, vidani, visanduku vya kuwekea pete. Zamani muuzi alikuja yeye mwenyewe mupaka ku mulango, akashika kitu mu mukono, akakigeuza, akatoa bei. Leo muuzi iko Kinshasa, iko Lusaka, iko Bruxelles, na kitu anachoona ni foto tu ndani ya telefone. Hawezi kushika. Ile foto njo mukono wake.

Kijana mumoja wa Likasi alichonga kisanduku cha malakite, kazi ya majuma mawili. Alikipiga foto usiku, juu ya kitanda, na flashi ya telefone, shuka iko na maua. Katikati ya kifuniko kukatokea doa nyeupe kama nyota, na fasi ingine yote ikawa nyeusi. Muuzi akamujibu: “Hii ni plastike?” Kisha akatoa bei yenye kuwa chini ya bei ya jiwe peke yake, jiwe ambalo halijachongwa. Na ile feza ilikuwa ya kulipa minervali ya wadogo wawili. Asubui yake yaya yake mwanamuke akaweka kile kisanduku juu ya kiti karibu na dirisha, akasimamisha karatasi moja ya daftari upande wa pili, akapiga foto na telefone ileile. Mistari ya kijani yote ikaonekana, hata bawaba ndogo za shaba. Muuzi hakuuliza tena maneno ya plastike. Walianza kuongea bei ya kweli, na hapo kila mutu anajitetea kwa kinywa chake.

Watu wanazania inaomba apareyi ya bei kali. Hapana. Mu mwaka wa 1844 Mwingereza mumoja, William Henry Fox Talbot, alianza kutoa kitabu kilichokuwa na foto za kweli ndani, na kati ya zile foto kulikuwa vyombo vya kauri na vya kioo vilivyopangwa juu ya rafu. Ampuli ya umeme ilikuwa haijaingia mu nyumba za watu. Alikuwa na jua na uvumilivu. Telefone yenye uko nayo mu mufuko inaona muzuri kupita apareyi yake mbali sana. Kinachokosekana ku foto zetu ni mwangaza wenye kupangwa.

Basi tuanze na neno lenye kubeba mengine yote. Simama inje saa sita ya mchana, wakati jua linawaka, utazame kivuli cha mukono wako chini: vidole vimekatwa kama kwa kisu. Rudi siku ya mawingu: kivuli karibu hakuna. Jua ni lile lile. Jua ni kubwa sana, lakini liko mbali, kwa hiyo machoni mwetu ni kama falanga ya chuma tu juu mbinguni, na mwangaza wenye kutoka mu fasi ndogo unatupa vivuli vikali. Siku ya mawingu, wingu lote limegeuka lampi, na lampi kubwa inazunguka kitu kila upande na kulainisha vivuli. Flashi ya telefone ni kidogo kama punje ya muhindi. Njo maana inachoma.

Sasa ona faida ya mutu mwenye kupiga foto ya vitu vidogo. Kwa kuangazia motokari kwa mwangaza laini unaomba hangari na vitambaa vya metre nyingi. Kwa pete, ukurasa mumoja wa daftari wenye kuwa karibu nayo ni sawa na wingu zima. Ukubwa tunaosema hapa ni ule ambao kitu kinauona kutoka fasi kinakaa. Karatasi moja ikiwa kwa upana wa kiganja, ni kubwa. Ipeleke metre tatu, inakuwa tena kidogo na vivuli vinarudi kukaza. Tena kuna jambo la pili: lampi kidogo ikiwa metre moja ya kitu, kisha ukaisogeza mupaka metre mbili, mwangaza wenye kufika haukatwi nusu, unabaki robo. Kwa hiyo leta karibu. Wanaoanza karibu wote wanaweka lampi mbali sana.

Lampi ya kwanza ni dirisha, na haiombi kulipa. Lakini chagua dirisha. Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tuko karibu digri 11 upande wa kusini wa ikweta. Kwa hiyo tangu mwisho wa mwezi wa pili mupaka karibu mwisho wa mwezi wa kumi, jua la saa sita linapita upande wa kaskazini wa mbingu. Dirisha lenye kutazama kusini linapata mwangaza wa mbingu bila jua lenyewe kuingia, na ule mwangaza hauchezi sana tangu asubui mupaka alasiri. Kwa kujua kusini, simama asubui ukitazama fasi jua linatokea, mukono wako wa kuume unaonyesha kusini. Kama nyumba yako iko na dirisha la kaskazini tu, ao la mashariki, tundika shuka nyeupe yenye kuchakaa kidogo mbele ya dirisha. Nyeupe, nasema. Pazia ya kijani itatia kijani ku kila kitu, na pazia ya njano itafanya shaba yako ionekane kama ina homa.

Weka meza kidogo ili dirisha likuwe upande wa kushoto ao wa kuume wa kitu. Hapana kusimama na mugongo ku dirisha, utajifunika mwangaza weye mwenyewe, na kitu kitaonekana bapa kama kimechorwa. Mwangaza wa upande njo unaonyesha mviringo na mashimo ya patasi. Kisha zima ampuli ya mu nyumba. Wengi wanasahau hapa. Mwangaza wa dirisha ni wa baridi, unavuta ku bluu, na ampuli nyingi za nyumba zinavuta ku njano. Telefone inaweza kusahihisha rangi moja, mbili pamoja haiwezi, na utapata kidani chenye kuwa na upande wa bluu na upande wa chungwa.

Sasa utaona upande mumoja unangaa na wa pili ni giza. Chukua karatasi nyeupe, uikunje ili isimame yenyewe, uiweke upande wa giza, inje kidogo ya foto. Isogeze polepole na macho yako yabaki ku kitu. Utaona giza inafunguka. Simama mbele kivuli hakijaisha kabisa, maana kitu bila kivuli kinaonekana kinaruka hewani, na yai la malakite linageuka duara tu. Karatasi ikiwa zaifu, ivike papie alumini ya jikoni, uikunjekunje kwanza kisha uinyooshe, ili irudishe mwangaza kwa vipande vingi. Na kioo kidogo cha kujitazamia, kile cha soko, kinaweza kutuma alama moja ya mwangaza ku jiwe la pete. Kitumie kidogo, kama chumvi.

Kijana anayetaka kujifunza apike yai la kuku, aliweke juu ya karatasi nyeupe, kando ya dirisha, apige foto kumi na mbili akigeuza karatasi na umbali wake. Kitu cheupe juu ya cheupe kinafundisha kupita malakite yote. Tena mwisho wa masomo yai linalika.

Kwa wale wanaofanya kazi mangaribi, kisha kutoka masomo ao soko, kuna kartoni. Chukua kartoni ya mafuta ao ya sabuni, yenye kupita kitu chako mara tatu hivi. Kata madirisha makubwa ku mbavu mbili na juu, ukibakisha mipaka ya vidole vitatu ili isianguke. Funika yale madirisha kwa karatasi ya kalki ya wachora-plani; ikikosekana, karatasi nyeupe nyepesi ao kitambaa cheupe kimoja kinatosha. Ndani, gandisha karatasi kubwa nyeupe juu ya ukuta wa nyuma, uiache ishuke kwa kupinda mupaka mbele, bila kuivunja, ili pasionekane mustari fasi ukuta unakutana na chini. Lampi inabaki inje, upande mumoja, ikipiga ku karatasi. Mwangaza hautoki tena ku ampuli, unatoka ku karatasi yote. Ukiwa na lampi mbili, zikuwe za aina moja, na moja uirudishe nyuma kidogo, kwa sababu mbili sawasawa zinaua kivuli pande zote.

Neno kali kidogo hapa, wazazi musikie. Ampuli za zamani, zile za waya ndani, zinachoma sana. Karatasi ikigusa, inawaka. Tumia ampuli za LED, zile hazichomi hivyo, na hata zile mutu asiziache ndani ya kartoni. Na umeme ukikatika, hapana kuingiza buji ndani ya kartoni hata dakika moja. Toroshi ya telefone ya pili, ikipiga ku karatasi nyeupe, inaweza kumaliza kazi. Nyumba haina bei ya kidani.

Tufike ku vitu vyenye kungaa, kwa sababu huku kwetu njo kazi yenyewe. Shaba yenye kupigwa polishi haionyeshi mwangaza wenye kuipiga. Inaonyesha kile kilicho mbele yake. Simama mbele ya sufuria mupya ukiwa na shati nyekundu, na sufuria iko na mutu wa shati nyekundu. Basi mbele ya kupiga foto ya bangili ya shaba, jiulize: hii bangili inaona nini? Kama inaona chumba cheusi, itakuwa nyeusi, hata uongeze lampi tano. Ukiizunguka na karatasi nyeupe, itakuwa nyeupe-nyekundu, laini, na rangi ya shaba itatoka muzuri. Kata tundu ku karatasi moja, ya kupitisha jicho la telefone tu, ili uso wako na vidole vyako visiingie ndani ya bangili. Lakini yote ikiwa nyeupe, ukingo unapotea, bangili inayeyuka mu karatasi. Sasa chukua kipande cha karatasi nyeusi, nyembamba kama kidole, usimamishe pembeni. Bangili itaiona, na mustari mweusi utakimbia ku ukingo wake na kuupa umbo. Wale wa studio za matangazo wanafanya vilevile, na kadi zao nyeusi ni kadi tu.

Sahani za shaba za kupigwa kwa nyundo zinaomba vyote viwili. Uso unangaa, lakini picha ya kijiji ao ya munyama imeinuka, na bila kivuli haionekani. Simamisha sahani, ukiiegemeza ku tofali. Mwangaza upite pembeni sana, karibu kugusa uso, ili kila alama ya nyundo itupe kivuli chake kidogo. Upande wa pili, karatasi nyeupe kwa fasi zilizozama.

Musalaba wa shaba wa zamani, ule wenye Wazungu wanaita croisette, ni kinyume cha bangili. Ni wa kukwaruza, hauangai, umekula rangi ya udongo na ya kijani. Wachimbuzi waliokuta misalaba ya namna ile mu makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, mu 1957 na 1958, walishika vitu vilivyokuwa feza ya babu zetu. Misalaba mitatu iliwekwa hata ku bendera ya Katanga ya 1960–1963. Leo wachongaji wanayeyusha mipya kwa kuuzisha, na hakuna ubaya, kama unaandika wazi kwamba ni mupya. Kwa kitu cha namna hii hapana kufunga mwangaza na karatasi nyingi. Acha dirisha likuwe kali kidogo, la upande, ili matundu ya muchanga yaonekane. Mutu anayenunua musalaba ananunua ule ukwaruzo.

Na malakite? Malakite ni jiwe la shaba lenye mistari ya kijani, mwepesi na mweusi, na ikipigwa polishi inafanya kama maji. Mwangaza unaofika ku uso laini unaondoka kwa pembe ileile, kama mupira ku ukuta. Kwa hiyo ile doa nyeupe juu ya kisanduku si lazima uihangaikie kwa lampi. Inua telefone kidole kimoja, shusha viwili, enda kushoto: fasi fulani doa itatoka ku jicho lako na mistari itafunguka. Usiifukuze yote. Bakisha mwanga mulaini ku ukingo mumoja, ili muuzi ajue ni polishi. Mafuta uliyopaka juu ya kungarisha, yapanguse muzuri na kitambaa cha pamba, kwa sababu alama za vidole zinaonekana kubwa kupita zile unaziona kwa macho.

Niongeze hapa pembeni, hata kama si maneno ya foto: vumbi la malakite lina shaba ndani na ni baya ku mapafu. Kata na sugua na maji, funika pua na mudomo, na watoto wakae mbali. Naona vijana wanasugua kavu mu parseli katikati ya watoto, na haifai.

Mama anayeuzisha asali ao mafuta ya ngazi mu chupa, kwako kazi ni rahisi kupita zote. Geuza meza ili dirisha likuwe nyuma ya chupa. Katikati ya dirisha na chupa weka karatasi nyeupe yenye kusimama. Mwangaza unapita ndani ya asali na asali inawaka yenyewe. Ukiiangazia kutoka mbele, inakuwa kama kahawa.

Chini ya kitu, hapana kitenge cha maua. Kitenge ni kizuri kupita kidani chako na kitaiba macho. Karatasi ya mufuko wa sima ikipanguswa muzuri, ile ya kahawia, inapendeza sana na malakite. Ubao wa zamani pia. Ukiweka karatasi nyeupe, utashangaa foto inatoka ya majivu. Telefone haijui kwamba karatasi ni nyeupe, inazania ni mwangaza mwingi na inapunguza. Gusa kitu ku kioo, kisha vuta ile alama ya jua kidogo juu. Na kitambaa cheusi kinafanya kinyume: telefone inaongeza, nyeusi inakuwa majivu, basi vuta chini. Telefone nyingi, ukikandamiza kidole fasi moja kwa sekunde mbili tatu, zinafunga mwangaza na umakini, hazibadilishi tena.

Panguza jicho la telefone. Neno dogo, lakini foto nyingi zenye ukungu zinatoka ku mafuta ya vidole. Egemeza telefone ku debe ao ku kifuko cha muchanga, weka ile saa ya sekunde mbili ao tatu, ondoa mukono. Hapana kukaribia sana mupaka pua ya tembo inakuwa kubwa kama tumbo lake. Rudi nyuma, kisha kata foto baadaye.

Foto moja haitoshi. Piga ya mbele, ya upande, ya chini, na moja kitu kikiwa mu kiganja ao pembeni ya kibiriti, ili muuzi ajue ukubwa. Na kama kuna ufa, piga ufa. Usiugeuze ku ukuta. Mwangaza wa pembeni unauonyesha muzuri, na mutu anayelipa akijua ufa hawezi kurudisha kitu. Wanaoongeza kijani mu telefone mupaka malakite inangaa kama majani ya mvua, muuzi anafungua kifurushi, anaona jiwe lingine, na feza ya kusafirisha mara mbili inatoka ku mufuko wa nani? Tena mawe yetu hayana haja ya rangi ya kuongeza. Panga rangi ukitazama kitu chenyewe pembeni ya dirisha, mukono wa kushoto jiwe, mukono wa kuume telefone.

Wakati wa kutuma, ujue WhatsApp inapunguza foto ili ipite haraka, na mistari midogo inapotea. Ukipenda muuzi aone yote, itume kama dokima, hapana kama foto. Itakula mega zaidi, basi kwanza tuma ile ndogo, na kubwa uitume kwa yule anayeuliza bei kweli. Andika urefu kwa santimetre, uzito kwa gramu, na kama ni jiwe la kipande kimoja ao la vipande vya kugandishwa. Foto ya kwanza, ile ambayo haijakatwa, uibakishe mu telefone mupaka kitu kifike.